Ugonjwa wa Gaju

Goma, Ndosho
Jumanne asubuhi

Kwako Yaya Emerance, uliyenitangulia tumboni kwa Mama kisha ukanibeba mgongoni,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi hii haitaitosha. U mzima? Kifua cha Shemeji Hitimana kinaendeleaje tangu mvua zianze? Watoto wanakula? Na maharage ya msimu huu yametoka namna gani huko Kiwanja? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimeamua kuandika kwa kalamu na kumkabidhi dereva wa lori bahasha, kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima, na humu ndani kuna jambo nataka ulisome kwanza ukiwa peke yako. Ukimaliza, utaamua wewe kama Mama aambiwe.

Usishtuke, hakuna mgonjwa wala aliyekufa. Lakini kabla ya kufika huko, niache kwanza nimsifu mume wangu, maana hapa hakuna wa kunisikiliza tena, majirani wamechoka.

Hii ni wiki ya saba, Yaya, na Achille bado ananiita bibi arusi kila anaponiamsha. Anarudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea milango na madirisha akiwa na mashati yaliyojaa vitundu vya cheche. Mimi nayashona jioni, na hata vile vitundu nimevipenda. Akila chakula changu anafumba macho. Juzi nilichoma ugali, naye akafumba macho vilevile, ndipo nikajua kwamba nimeolewa na mtu mwema.

Na Gaju je? Unaikumbuka, ile pikipiki kubwa iliyonileta kanisani hadi Mama akafunika uso. Najua hukupata nafasi ya kuitazama vizuri, kwa hiyo nikueleze. Pikipiki nyingine za hapa, hizi moto za teksi, ni nyembamba, za kubeba abiria wawili na gunia la makaa, na zinapiga kelele kama watu wanaogombana. Gaju iko chini, ndefu, na ukiikalia miguu inakwenda mbele kama umekaa barazani kwako. Usukani wake umepanuka na kupinda kama pembe za ng'ombe wa Babu kule Masisi, na tangi lake ni la rangi ya kahawia nyekundu. Ndiyo sababu niliipa jina lile ambalo kwetu tunampa ng'ombe wa rangi hiyo. Injini ina silinda mbili zilizoachana kama vidole viwili, na sauti yake ni ya muzee asiye na haraka. Vijana wa moto-teksi pale kituoni wanamtania Achille kila siku: "Papa, ile ni moto ao ni kitanda?" Naye anawajibu kwamba ni kitanda, na kwamba wao wataendelea kulala chini mpaka wapate akili.

Aliipata ikiwa chuma chakavu, Yaya. Injini ilikuwa ndani ya gunia na tangi lilikuwa limetumika kuwekea mbegu. Alikaa miaka mitatu akiiunganisha kipande kwa kipande. Bomba la moshi alilikunja yeye mwenyewe, na stendi aliichomelea yeye. Nikiitazama naona mtu anayejua kungoja, na mimi aliningoja hivyohivyo, miaka miwili, mpaka nimalize diploma yangu.

Kila Jumamosi anaihudumia, na mimi nakaa pembeni juu ya ndoo. Anapima oili akiwa ameisimamisha wima, kwa sababu ikiegemea stendi kipimo kinadanganya. Anatoa filta ya hewa na kuipiga polepole mkononi mpaka vumbi letu jeusi la volkano liishe kutoka, na hiyo ni kazi ya kila wiki hapa Goma. Anapaka mnyororo mafuta. Kisha anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, na kusikiliza kama daktari. Mara ya kwanza alinipa na mimi nisikilize. Yaya, nilisikia vitu vikitembea ndani, vidogo, kila kimoja na kazi yake. Nilikaribia kulia, bila hata kujua kwa nini.

Basi, wiki ya tatu ya ndoa Gaju ikaugua. Tulitoka vizuri, tukafika kama kilomita tano, ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikazimika. Achille akajaribu kuiwasha, wapi. Tukakaa juu ya jiwe la lava kama robo saa, akajaribu tena, ikawaka kama haikuwa na neno. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa vilevile.

Alianza na esanse, kwa sababu petroli hii tunayonunua kwenye chupa kando ya barabara huwa na maji na uchafu. Akaichuja kwa kitambaa. Akabadilisha buji zote mbili zinazotoa cheche. Akafungua kabureta na kuisafisha kwa waya mwembamba. Akapima batri. Mwishoni akaipeleka kwa Muzee Havugimana, fundi mkongwe wa hapa Ndosho, anayesema kwamba moto haina siri mbele yake. Muzee alitoa tangi, akatundika chupa ya esanse juu kwa kamba, akaunganisha mpira hadi kwenye kabureta, na Gaju ikanguruma saa nzima bila kukohoa hata mara moja. Akasema injini ni nzima kuliko yeye. Wakarudisha tangi, Achille akaenda kilomita tano, ikazimika. Muzee alipoambiwa alikasirika kana kwamba Gaju imemtukana mbele ya watu.

Sasa hapo ndipo Shangazi Apolline alipoingia. Ni dada wa baba mkwe wangu, anakaa nasi ua mmoja, na mdomo wake hauna kifuniko. Siku moja, mbele ya wanawake waliokuja kumsuka, alisema kwamba yeye si mtu wa kusema maneno, lakini moto hii ilitembea miaka bila kuugua, na tangu bibi arusi aingie ndiyo imeanza kufa njiani. Akauliza kama hilo halishangazi watu. Wakacheka. Mimi nilikuwa nachambua mboga, nikainamisha kichwa. Achille alikuwa mlangoni, akasikia. Hakumjibu vibaya, kwa sababu ni shangazi yake. Lakini niliona shingo yake ilivyokaza kwa hasira.

Siku tatu baadaye akaniambia kwamba anaiuza Gaju. Amepata mnunuzi, Papa Twagirimana, mfanyabiashara wa Katindo, na atakuja Jumamosi na vijana wake kuichukua. Nilimwuliza kwa nini. Akasema moto ni chuma tu, chuma kingine kitapatikana, lakini mkewe hatapewa jina la mkosi katika ua wa baba yake. Alisema hivyo akinawa mikono, bila kuniangalia. Kila jioni baada ya hapo alitoka na kuifuta, hata ikiwa safi.

Sasa kaa chini, Yaya.

Unakumbuka siku mlipokuja kunitoa ndani, baada ya zile wiki mbili za kukaa chumbani kama desturi yetu inavyotaka? Kila mtu alisifu jinsi Gaju ilivyong'aa pale uani. Ni mimi niliyeing'arisha. Zile wiki mbili sikuwa na kazi. Achille alikuwa akiingiza moto ndani kwa sababu ya mvua, na mimi nikabaki nayo tukitazamana. Nilichukua samli ya ng'ombe aliyonifungia Mama kwenye kile kibuyu, nikaipaka Gaju yote, kila siku, kama tulivyokuwa tukipaka vyombo vya maziwa vya Bibi mpaka vinameremeta. Nilipaka usukani, nikapaka mabomba, na zaidi ya vyote nilipaka kifuniko cha tangi, kwa sababu kina michoro mizuri na samli iliingia vizuri katika mistari yake.

Sikujua kwamba kifuniko kina kitundu cha kupumulia. Tangi linapotoa esanse lazima liingize hewa. Likinyimwa hewa linashikilia esanse yake, na injini inakufa kiu tangi likiwa limejaa. Samli yangu ilichanganyika na vumbi jeusi, ikawa kama udongo wa ufinyanzi, na kitundu kikazibwa hivi kwamba hewa ilihitaji robo saa kupenya.

Na bado sijafika kwenye kosa lenyewe. Kosa ni kwamba nilijua. Siku moja tulizimika karibu na Katindo, Achille akaenda kununua chupa ya esanse. Nikafungua kifuniko nione kama imekwisha, na tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Nikapitisha kidole chini ya kifuniko. Kikatoka na kitu cheusi chenye mafuta. Nikakinusa, na nikanusa nyumba ya Mama. Nilielewa palepale. Achille akarudi, akamimina, akawasha, Gaju ikawaka, akasema unaona, ilikuwa esanse tu. Na mimi nikasema ndiyo.

Ndiyo moja tu, Yaya, na nikabaki nayo siku kumi na moja. Mwanzoni ilikuwa aibu. Shangazi akija kujua, angesema mbele ya ua mzima kwamba kumbe alisema kweli, bibi arusi ndiye. Nikajaribu kurekebisha kwa siri Achille akiwa anaoga. Nikachokonoa kitundu kwa kijiti cha ufagio, kijiti kikavunjikia ndani. Baada ya hapo nilishindwa hata kufungua kinywa. Na kuna jambo jingine ambalo nitakuambia wewe peke yako: tulipokuwa tukizimika, tulikaa juu ya mawe ya lava robo saa nzima, yeye akinisimulia utoto wake, na sehemu ya moyo wangu haikutaka ipone.

Jumamosi wakaja. Papa Twagirimana alizunguka Gaju akipiga magurudumu kwa kiatu, Muzee Havugimana akawa shahidi, Shangazi akakaa kwenye kiti chake kutazama. Mnunuzi akauliza ina ugonjwa gani. Achille, kwa sababu ni Achille, akamwambia ukweli kwamba inazimika na hajui sababu, na kwamba atashusha bei. Kisha akaweka mkono juu ya tangi, hivi, kama unavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto anayeondoka. Yaya, sikuweza.

Nilitoka na sahani mkononi nikasema mbele ya wanaume wote kwamba najua ugonjwa, na kwamba ni mimi. Nilieleza yote: samli, kidole, kijiti. Muzee Havugimana aliingiza mkono mfukoni, akatoa bisibisi ndogo, akafungua skrubu tatu za kifuniko na kukitenganisha. Likadondoka bonge la samli nyeusi na kijiti changu cha ufagio. Muzee akaviinua juu watu waone. "Mi niko fundi miaka makumi tatu," akasema, "lakini moto ya kupakwa mafuta sawa mutoto wa kuzaliwa, sijaona." Wote wakacheka. Shangazi Apolline alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, kisha akakumbusha kila mtu kwamba yeye alisema. Na alisema kweli, Yaya, siwezi kumnyima hilo. Papa Twagirimana, alipoona moto imepona, akataka kupandisha bei. Achille akamshukuru kwa safari yake na kumpa soda.

Lakini Achille mwenyewe hakucheka. Watu walipoondoka aliniambia kwamba samli si kosa, angecheka nayo mpaka kesho. Akasema siku zote zile alikuwa akiagana na Gaju, na mimi nilikuwa nakaa pembeni juu ya ndoo nikimtazama akiagana. Basi. Tulikula, na ugali ule haukuwa umeungua lakini hakufumba macho.

Jumapili baada ya misa aliniita uani. Alikuwa ametandika gunia chini. Akaniambia nifungue kifuniko, nikitenganishe, nisafishe kitundu kwa waya, nipulize mpaka hewa ipite, nikirudishe. Nilipomaliza akaniambia nianze upya. Nilifanya mara tano, naye hakunisaidia hata skrubu moja. Mara ya tano akapuliza yeye mwenyewe, akasikia hewa ikipita, akasema kwamba tangu leo mimi ndiye nitakayemwambia kila kinachoiuma Gaju, saa ileile nitakapokijua, hata kama ni mimi niliyeiumiza. Nikakubali. Nikalia kidogo. Akanifuta kwa ule upande safi wa kitambaa cha oili, ambao haukuwa safi.

Kisha tukaisukuma hadi kwenye uwanja wa mpira, na badala ya kukaa mbele akarudi nyuma, kwenye kiti changu, akanionyesha kwa kidole mahali pa kukaa. Nilishika zile pembe mbili. Ni nzito, Yaya, huwezi kuamini. Tuliinama upande, vijana wa moto-teksi wakapiga kelele wakiuliza kama kitanda kimepata mwenyewe mupya, na Achille akaweka miguu chini na kutushikilia sote wawili, mimi na Gaju, mpaka tukasimama wima. Ndipo tukaenda. Tulizunguka uwanja mara nne. Nilisikia kidevu chake begani kwangu, na alikuwa anacheka. Nilijua bila kugeuka kwamba amefumba macho, mbele ya watu wote, mimi nikiendesha.

Msalimie Shemeji, mwambie anywe ile dawa hata kama ni chungu. Wabusu watoto wote, na yule wa mwisho mara mbili. Mama mwambie unachoona kinafaa, ila kuhusu uwanja wa mpira niachie nimwambie mwenyewe, nikiwa mbali na mkono wake. Tunawaombea amani na mvua ya kiasi. Nijibu kwa dereva huyuhuyu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda, mwenye harufu ya esanse mikononi,

Igihozo, mke wa Achille Balagizi