Nataka Shule, na Baba Pia

Mpendwa Uda, mdogo wangu,

Pokea salamu za hapa Mbulu, ambako baridi ni ile ile uliyoiacha na wasichana bado wanagombania nafasi karibu na jiko. Najua unashangaa. Dada Paskalina na barua, wapi na wapi? Mimi ni mtu wa simu, tena wa sauti kubwa, mpaka ulikuwa unasema majirani wanazijua kesi zetu zote. Lakini hili ningekuambia kwa simu ungelia mbele ya wenzako chuoni, nami ningelia mbele ya mkuu wangu wa kazi, na yeye bado anaamini mimi ni mwanamke wa chuma. Kwa hiyo nimeandika. Jibanze mahali usome.

Kila unapopiga simu, swali lako la mwisho ni moja tu: "Dada, baba amesema lolote?" Na mimi kila mara nakukimbia, naanza kukuuliza habari za chakula cha chuo. Leo nina la kukujibu. Ila vumilia nianzie mbali kidogo, maana nimekaa na fahari hii siku nyingi na sijapata mtu wa kummwagia.

Unakumbuka ulivyofika? Mwalimu wako alikuwa amekupandisha basi pale Katesh, akanipigia nikupokee stendi. Nilitegemea mtoto anayelia. Ukashuka wewe, shuka begani, sketi ya shule imejaa vumbi, ukaniambia "Shikamoo dada" kama mtu aliyekuja kutembea tu. Tulipoingia hapa kwetu, kwenye nyumba salama, wenzako wakakuzunguka wanataka kujua umekimbia nini. Uliwapita. Ulikwenda moja kwa moja uani, ukamfungua mdomo mbuzi wetu, ukageuka kwangu. "Dada, huyu ana minyoo. Nani anamtunza?" Nikasema moyoni, haya, leo tumeletewa mkaguzi.

Habari yenyewe ilitoka kidogo kidogo, tukimenya viazi. Baba yako mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli kwenye boma lenu kule Gendabi, alikuwa amekubaliana na mtu uolewe kabla hujaingia kidato cha tatu. Baba yako hakukubali wala hakukataa. Alinyamaza, kama mdogo mtu anavyonyamaza mbele ya kaka yake. Mama yako, ambaye alikuwa amejifungua siku chache tu, akakuficha ndani kwake nyuma ya kitanda. Baba mkubwa akaja kukutafuta, ukachomoka, ukakimbilia kwa mwalimu.

Unajua watu wakisikia mimi ni mtetezi wa vijana wanafikiri navaa joho mahakamani. Thubutu! Mimi ni wa mabenchi ya ofisi. Leo niko ustawi wa jamii, kesho dawati la polisi, keshokutwa kwa mwalimu mkuu, nasema jambo lile lile mpaka mtu achoke kunisikia aamue kulitekeleza. Kwa kesi kama yako njia niliijua. Tutoe taarifa, wahusika waitwe, wewe ubaki kwetu usome. Nilikuwa nimeshabeba mkoba.

"Baba asikamatwe," ukasema.

"Hakuna aliyesema anakamatwa, Uda. Ataitwa tu."

"Akiitwa polisi kwa ajili yangu, sina baba tena."

Nikapandwa na hasira, unanijua. "Sasa wewe unataka nini hasa?"

"Nataka shule. Na baba pia."

Ukaniangalia kama mtu aliyeagiza chai na andazi, anangoja aletewe. Mdogo wangu, katika kazi hii nimezoea watoto wanaochagua kimoja. Wengi huchagua shule, kisha nawakuta jikoni wanalia kwa kukumbuka nyumbani, wanasingizia moshi. Wewe ulikataa kuchagua. Nilikuona mbishi, na nikakupenda hapo hapo.

Kesho yake ulikuwa unarudia maelezo mbele ya afisa wa ustawi wa jamii. Ukataja, kama jambo dogo, kwamba baba mkubwa alikutafuta mpaka nyuma ya kitanda. Nikakukatiza.

"Ngoja kwanza. Aliingia ndani? Kwa mzazi?"

"Aliingia."

Mimi ni Mwiraqw wa Gitting, lakini hata kwetu bibi zetu wangepiga yowe. Mwanaume haingii tu kwa mwanamke aliyejifungua juzi. Kwenu Wabarbaig ndiyo kabisa, hilo wanawake wote wanalihesabu kuwa wamekosewa wao, na wao wenyewe ndio wanaokaa kulihukumu. Tukaangaliana. Nafikiri wazo la kuwapelekea wanawake kesi, badala ya polisi, lilitujia pamoja, ingawa wewe huwa unadai ulinitangulia. Haya, ulinitangulia.

Afisa alikubali tujaribu, kwa sharti kwamba tunakwenda naye na unarudi nasi. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Wa kuwaita wanawake alikuwa bibi yako, na mkosaji alikuwa mwanawe wa kwanza.

Tulimkuta anakamua. Nikaanza kuhutubia, haki za mtoto, sheria, maendeleo, unazijua zote. Bibi akaniinulia mkono, akasema neno, na wewe ukanitafsiria huku umebana kicheko: "Anasema una kelele kama mnada." Halafu akakuuliza wewe swali moja kwa lugha yenu, ukamjibu kwa neno moja. Baadaye ndiyo uliniambia. Aliuliza kama mtoto alikuwa amelala au ananyonya wakati mwanaume yule anaingia. Alikuwa ananyonya, maana yake mama yako alikuwa kifua wazi. Bibi aliweka kibuyu chini, akachukua fimbo yake, akatoka kwenda boma la jirani bila kutuaga.

Siku ya kikao wanawake walikuja kutoka kila upande, na fimbo zao na nguo zao za ngozi, wakaketi kwenye nyasi. Wanaume wakajitenga kule mbali kama wanafunzi waliochelewa namba. Mimi nikaelekezwa pembeni na kuambiwa ninyamaze. Mimi, ninyamaze! Nusura nipasuke.

Mama yako alisema ya kwake, mtoto akiwa mgongoni. Kisha wakakuita wewe, kwa kuwa ndiye uliyeona. Msichana ambaye hajaolewa hana nafasi kwenye kikao kile, na kwa hiyo kila jicho lilikuwa kwako. Ukawasalimu, ukaeleza ulichokiona kwa sauti ya kawaida, hukumtukana baba mkubwa wala hukutia chumvi. Ulipomaliza nikajua unakaa. Hukukaa. Ukasema jambo lingine na wanawake wakaguna. Nikamgusa mama aliyekuwa jirani yangu, akaninong'oneza: "Anasema anarudi shule. Na anasema yeye bado ni mtoto wa boma hili."

Jamani, Uda! Kazi yangu yote ni kuwasemea watoto wa watu. Siku ile nilikaa kwenye nyasi nimefungwa mdomo, namsikiliza mtoto anajisemea mwenyewe mbele ya wanawake wazima kwa lugha ambayo mimi hata kuomba maji siwezi. Nilijivunia mpaka kifua kikaniuma. Mpaka leo mtu akiniuliza kazi hii ina faida gani, namsimulia siku ile, na wenzangu ofisini wanaguna, "Tayari, ameanza na Uda wake."

Bibi yako ndiye aliyetamka hukumu, na alimtaja mwanawe kwa jina, hakumficha. Atoe dume la ng'ombe na asali. Na kwa vile kosa lilitokana na habari ya ndoa, ndoa hiyo isisikike tena. Afisa naye akamweleza baba mkubwa sheria inasemaje endapo atarudia. Mwanaume wa watu aliitikia kila kitu, hakuwa na nguvu ya ubishi tena.

Shule ukawa umeipata. Tukabaki na baba.

Alikuwa amesimama zizini, ametugeuzia mgongo. Tulikwenda kumuaga. Hakukutazama. Alinitazama mimi akasema, "Huyo sasa ni wenu." Basi. Ulikaa dirishani mwa gari ukiangalia tulikotoka mpaka tukapita Dongobesh.

Hayo mengine unayajua, lakini niache niyaseme kwa sababu yananifurahisha. Yule mbuzi uliyemkuta na minyoo akazaa mapacha. Kemia ikakutoa machozi, ukaisoma tena na tena mpaka ikakuzoea. Mama yako alikuwa anatuma maziwa kwa watu wanaokuja mnadani, na wewe ulikuwa unauliza yametoka kwa nani, kumbe unatafuta kusikia jina la baba. Likizo zote ulikaa hapa, ukiwafundisha wadogo kusoma. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilipiga kelele ofisini mpaka mlinzi akaja na rungu. Ukaniambia unaomba chuo cha mifugo. Nilikuwa nimekuotea uanasheria, uje unisaidie kazi kidogo. Ukanicheka. "Dada, watu wana wa kuwasemea. Ng'ombe hawana."

Sasa sikiliza.

Jumanne baba yako alikuja hapa. Mlinzi aliniita akasema kuna mzee getini hataki kuingia. Nilimtambua kwa mgongo, kwa sababu ndio niliokuwa nimeuona zaidi. Nikamsalimu shikamoo, nikamkaribisha kiti, akakataa, akasimama na fimbo yake.

"Yule, anasoma nini huko?"

"Magonjwa ya ng'ombe, mzee."

"Ndama akikaa vibaya tumboni, anaweza kumtoa?"

"Ameshatoa wawili mbele ya mwalimu wake."

Nikataka kuongeza sifa, nikakumbuka mnada, nikaufunga mdomo wangu. Halafu akasema, akiwa anaangalia barabara, "Kwetu binti akiondoka nyumbani kwenda kuolewa, baba yake anampa ng'ombe. Yule aliondoka. Sikumpa kitu."

Nilishika geti kwa mikono miwili, Uda.

"Nimemtenga mtamba mmoja, mweusi. Ana mimba sasa," akasema. "Ni wa binti yangu. Mwambie aje amzalishe mwenyewe. Aje nyumbani."

Hakusema "wenu." Alisema "binti yangu." Nilimrudisha nyuma kwa makusudi, nikajifanya sikusikia vizuri, nikamuuliza, "Wa nani, mzee?" Akaniona ninavyocheza, akatabasamu kidogo sana, akarudia: "Wa binti yangu." Kisha akaenda zake stendi.

Basi hilo ndilo jibu lako. Lia sasa, nimekupa nafasi. Ukimaliza, futa uso na unisikilize jambo moja la mwisho, na usinibishie.

Likizo inakuja na najua umeshapanga kuja huku kama kawaida yako. Usije. Juzi tumepokea msichana mwingine, amefika na mfuko wa plastiki na hasira kama zako, na kile kitanda chako cha dirishani nimempa yeye. Godoro nimelianika, shuka nimefua mwenyewe. Huna kitanda tena kwenye nyumba hii, mdogo wangu, na sijawahi kusema neno kwa furaha kubwa namna hii.

Shuka Katesh. Nenda kwenu.

Ni mimi dada yako wa Mbulu, mwenye kelele kama mnada,

Paskalina