Waliochoma Chokaa na Waliolala Ndani Yake

Dada Rehema, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba jana, hapa Gazi, nilikula vipande vinne vya mkate wa sinia kabla sijakaribishwa.

Tulikuwa tumepeleka posa ya binamu yetu Hamisi kwa kina Mwanamisi, binti anayetaka kumwoa. Shangazi wa binti akatuonyesha gofu jeupe nyuma ya mikoko. "Babu zetu walilala mle. Wenu walikuwa wakituchomea chokaa."

Nikaota macho wazi. Niliona matumbawe yakiungua siku nzima yawe chokaa ya kujengea, wachomaji wakirudi vibandani na macho mekundu, na waungwana ndani ya kuta zenye ubaridi wakipokea hariri na sahani za ng'ambo, tunda la moshi wa wengine.

Hamisi, ambaye mila inamtaka anyamaze, akasema taratibu, "Kweli, shangazi. Lakini bila moshi huo, babu zako wangelala wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Shangazi akamuuliza Hamisi anafanya kazi gani.

Mola akuhifadhi, dada, na watoto nawabusu wote. Posa imekubaliwa. Hamisi ni fundi wa makuti, na paa la shangazi linavuja.