Eti Kompyuta Inakataa

Jumanne.

Eti kompyuta inakataa! Ndivyo karani wa kambi ya wakimbizi alivyonijibu asubuhi nilipoomba Ineza aandikwe kwenye orodha ya kaya yetu. Mwanangu ana miezi mitatu, ananyonya, analia, lakini kwenye orodha yao hayupo.

Mama ananiambia ihangane, nivumilie. Sitaki.

Mchana, kwenye darasa la kompyuta, klasi, yaani kiolezo cha programu, niliyoiandika na kuiita Kaya nayo ikagoma: inasoma majina yaliyomo, jipya haipokei. Mwalimu Shabani, mtu wa Ujiji, akaniambia, "Umeifundisha kusoma tu. Ifundishe na kupokea."

Nikaongeza __setitem__, sehemu ya kupokea jina jipya, mistari miwili tu. Nikaandika kaya["mtoto"] = "Ineza". Ikapokea, kimya.

Kesho narudi kwa karani, Ineza mgongoni. Akisema tena kompyuta inakataa, nitamuuliza ni nani aliyeifundisha kukataa.