Elfu Kumi, Mia Nne na Tatu

Jumatatu, 3 Juni 1974
Nimechota maji, nimefagia darasa la saba, nimekaa na Damari kama kawaida. Hapa shuleni Lumuma Baba ni Mwalimu. Nyumbani ndiyo Baba. Leo kaandika ubaoni 10,403. Akasema ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kajaribu namba tasa zote mpaka 97, kila moja inabakiza. Kupita mia hakuna haja: mia mara mia ni elfu kumi, na hii imezidi kidogo tu.

Damari akanyoosha mkono. Mwalimu, bado 101. Baba akaona ni ubishi. Chaki hakumpa, zenyewe zimebaki vipande. Akauliza darasa zima kama yupo aliyejaribu 101. Mimi nilikwisha jaribu, kwa kidole, juu ya paja: 101 mara 103. Haibaki kitu. Nikainama. Damari akachapwa, akaondolewa kwenye mashindano ya hesabu ya Kilosa. Nafasi yake nimepewa mimi.

Ningemwumbuaje baba yangu mbele za watu? Ndivyo nilivyojiambia. Uongo mtupu. Kilosa nilikuwa naitaka.

Jumanne, 4 Juni
Damari yuko shamba la shule, anapalilia vitunguu. Adhabu ya wiki nzima. Jioni Mama kachinja kuku kwa ajili ya safari yangu. Baba kanipa firigisi, ile yake mwenyewe. Nikaila. Sina haya hata kidogo.

Jumatano, 5 Juni
Sijasema.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemfuata Damari mferejini. Nikamwambia 101 inagawanya, alikuwa sahihi. Hakuacha kulima.

"Nilikuona midomo ikihesabu," akasema. "Nikakungoja."

Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia Baba. Akaokota kijiti, akagawanya pale uani, akafuta, akagawanya tena. Nilidhani atakasirikia namba. Wapi! Akauliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu Jumatatu, kabla ya fimbo.

"Ukaniacha nimchape mtoto wa watu?"

Chakula hakugusa.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa Baba kaenda kwa kina Damari, peke yake. Mama hajui aniangalieje. Nami sijui nijifiche wapi.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi mstarini Baba kasimama mbele ya shule nzima. Akasema amekosea, namba ile si tasa, ameishia njiani. Akamwomba Damari radhi kwa jina lake. Mimi hakunitaja. Heri angenitaja.

Lori la Kilosa likaondoka na Damari. Nikapunga mkono. Aliangalia mbele.

Mchana nimeenda shamba la shule. Hakuna aliyenituma. Jembe nimelikuta pale alipoliacha. Nimemaliza matuta yake yaliyobaki, nikanawa mferejini, nikarudi nyumbani.