Yule aliyekata kakao vizuri

Butembo, Jumapili. Mvua nyepesi tangu asubuhi, na baridi ya kwetu ile ya kuvalia makoti mawili. Siumwi, ila moyo haujatulia.

Wiki hii wasomaji kadhaa wameniuliza kuhusu Kahindo, yule dada wa hadithi ninayoiandika hapa, ambaye kila kaka yake akikosea yeye humfunika. Wanataka kujua kama ni mtu mwema au mbaya. Niliwajibu kwa maneno makubwa ya kisomi. Nilikuwa nakwepa tu.

Kahindo nilimtoa kwangu.

Mama mdogo, mjane wa baba yangu mdogo, alikimbia vita karibu na Oicha akaacha shamba la kakao. Sasa anapanga chumba Beni, mtaa wa Ruwenzori. Shamba alimwachia mlinzi, Jérôme. Huyo alivuna upande wa barabara tu na kumletea. Upande wa msitu alisema ni hatari, hakanyagi. Kaka yangu Paluku alikanyaga. Alivuna huko misimu miwili, akauza, hakumwambia mtu isipokuwa mimi. Minerval yangu, karo ya mwaka wa mwisho, ilitoka humo. Pikipiki yake pia.

Juma lililopita mama mdogo alipata watu wa kumsindikiza, akaenda kutazama. Jana akaniita Beni. Alikuwa ametulia kabisa. Akanieleza kwamba mwizi hung'oa tunda na gome likachunika, na hapo ua halitoki tena. Lakini miti ya upande wa msitu ilikuwa mizima, kila tunda limekatwa kwa kisu na kikonyo kidogo kimebaki. Hivyo ndivyo marehemu mume wake alivyotufundisha mimi na Paluku tukiwa wadogo. Alikuwa akitupiga viganja tukikosea.

"Wewe Masika, ndiye mukubwa wa mabinti," akasema. "Ni Paluku? Uliyuwa?"

"Hapana, mama. Miye sikuyuwa kitu."

Nilikana kujua haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akashusha pumzi, nikaona kabisa kwamba amefurahi. Akasema basi ni Jérôme, labda marehemu alimfundisha naye, na yale ya hatari yalikuwa uongo. Akanifungia ndizi za kubeba.

Njia nzima ya kurudi nilijitetea. Baba alipofariki, ni Paluku aliyenisomesha. Aliingia mahali ambapo wengine hawakurudi. Angeweza kufa kwa ajili ya kalamu zangu. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalomhusu Jérôme.

Leo baada ya misa nilimweleza Paluku kwamba nitasema. Hakukasirika. Aliendelea kufuta pikipiki yake.

"Sema," akaniambia. "Lakini useme na masomo yako."

Nilimchukia kidogo, nikampenda vilevile, na sikujua nifanye nini na hayo mawili. Nikarudi nyumbani nikaandika ukurasa ambamo Kahindo anasema ukweli mbele ya ukoo wote. Haikunichukua hata nusu saa. Wangapi mngempigia makofi!

Nikaufuta.

Saa kumi nikampigia mama mdogo. Nilianza na mimi mwenyewe: nilijua, nilikula, nilikudanganya. Halafu nikamtaja Paluku.

"Mbona hukusema jana?" akauliza. "Jérôme nimemufukuza leo asubui. Amebeba bibi yake na vyombo. Siyui kwenye walienda."

Hakunitukana. Alikata simu.

Kesho nitapanda gari la kwanza la Beni, halafu Oicha. Nitauliza sokoni, kanisani, kwenye kambi za waliokimbia, kwa kila anayemjua mlinzi aitwaye Jérôme. Nimemtumia Paluku ujumbe aje na pikipiki yake. Ameusoma. Akija au asije, nitakwenda.