Picha ya Watu Wazima Kwenye Bwawa la Kibagabaga

Mpendwa mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili chako cha Bujumbura, kile tulichosemezana jikoni kwetu mtaa wa Niboye tusipotaka majirani waelewe kila kitu. Kuna jambo nililifanya ukiwa hai, na wewe ulilijua nusu tu.

Unazikumbuka Jumamosi zile. Baba alikuwa na miaka mitatu kaburini. Ulitoka asubuhi na mkoba wako wa bluu, ukisema unakwenda mazoezi ya kwaya. Jumamosi ya umuganda ulikuwa unaondoka mara kazi ya mtaa inapoisha, hata vumbi la miguuni hujanawa vizuri. Ukirudi, macho yamekuwa mekundu na kitambaa cha kichwa kimelowa nyuma ya masikio. Ulinukia kama shuka zilizolowekwa kwenye dawa ya kutakatisha.

"Kwaya gani hiyo inayolowesha watu?" nilikuuliza siku moja.

"Kulikuwa na mvua kule."

Kigali nzima hakukuwa na wingu.

Kisha ikaanza simu ya mtu anayeitwa Deo. Ikilia, unaipokelea uani. Nilikutana na kiongozi wa kwaya sokoni, akaniuliza kama umepona, kwa sababu hajakuona miezi mitatu. Nikamjibu kwamba unaendelea vizuri. Nyumbani sikusema kitu. Ulipoingia kuoga nikapekua mkoba wako, nikakuta taulo bichi na mafuta ya kujipaka ambayo si ya nyumbani kwetu. Nikajua ni mwanamume. Tangu siku hiyo nilikusikiliza hata unavyofunga mlango.

Katikati ya hayo, klabu moja ya kuogelea ikaniita Kibagabaga kuwapiga picha za makundi. Bwawa lao liko ndani ya jengo, na joto lake liliijaza lensi yangu ukungu mara tu nilipoingia. Nilisubiri mpaka ukaisha. Nikaanza na watoto, nikafuata na vijana wa mashindano, wenye kofia nyeupe zilizokuwa zikirudisha mwanga wa flashi machoni mwangu. Mwisho wakaitwa watu wazima wanaoanza kujifunza.

Wewe ulikuwa wa mwisho kutoka chumba cha kubadilishia nguo, na vazi jeusi lililofika magotini. Uliponiona ulisita, kisha ukaenda kusimama nyuma ya bwana mmoja mrefu. Sikujua nikuiteje mbele za watu. Nikatumia sauti ya kazini.

"Mama wa nyuma, sogea kushoto kidogo. Uso wako hauonekani."

Ukasogea. Sakafu ilikuwa inateleza, na mwalimu aliyesimama mwishoni mwa mstari akakushika mkono. Ulipokwisha kusimama imara, aliendelea kuushika. Mtu akamwambia, "Deo, angalia kamera." Nikapiga.

Tulirudi pamoja tukitembea kuelekea kituo cha basi, na wewe ndiye uliyeanza.

"Unakumbuka nilivyokuchapa, ulipokwenda kuogelea pisini na wenzako wa shule?"

"Nakumbuka."

"Mdogo wangu alifia ziwani Bujumbura. Mimi nilikuwa nimesimama pale, maji yako hapa tu." Uliinama ukagusa goti. "Nimechoka kuogopa. Lakini weye nilikuchapa kwa sababu ya maji. Ningekuambiaje kwamba sasa mimi ndiyo naenda?"

Ilinipasa nikukumbatie hapo hapo barabarani. Mimi nikauliza, "Na Deo?"

"Ni mwalimu."

"Mwalimu tu?"

Ukatazama moto, zile pikipiki za abiria, zilizokuwa zikipita. "Ananifundisha kuelea, mwanangu."

Sikuamini. Nilipokaa kuzitengeneza picha, nilikata ya kwenu upande wa kushoto mpaka mwalimu akaisha. Kilibaki kipande cha kiwiko chake karibu na bega lako. Nilikuletea ukiwa unachambua maharage. Uliifuta mikono kwanza, ukaishika kwa ncha za vidole.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Hakuenea."

Ulikitazama kile kiwiko kwa muda mrefu. Ukasema, "Sawa," ukaiweka picha kabatini. Baada ya hapo simu ya Deo haikulia tena nyumbani, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimeshinda.

Mwaka uliofuata presha ikakuchukua kwa siku mbili. Deo alikuja msibani, akakaa peke yake mwisho wa hema. Nilimpa maji bila kumsalimu.

Wiki iliyopita nilichapisha ile picha nzima, nikampelekea bwawani. Alikaa kwenye benchi, miguu imelowa, akaiweka mapajani. Nilimwambia nilichofanya. Akasema, "Nilimuomba tuoane. Mke wangu alikufa zamani, hatukuwa tunamkosea mtu."

"Akasemaje?"

"Alisema tungoje. Alisema, 'Binti yangu hajanizoea kwenye maji, atanizoeaje kwenye ndoa?' Hakukusema vibaya hata mara moja. Alisema wewe unachelewa tu."

Nikamuuliza kama uliweza kuelea. Akasema uliweza, na kabla hujaugua ulivuka bwawa lote kwa upana bila kushika ukuta, ukatoka ukitetemeka na kucheka, ukamwomba asimwambie mtu, utaniambia mwenyewe.

Mama, hukuniambia. Nadhani ulikuwa unanitazama usoni kila jioni ukitafuta siku nzuri ya kuniambia, na mimi sikukupa siku hiyo.

Nilimwomba Deo msamaha. Alinijibu kwa upole kwamba yeye hana kinyongo, lakini aliyengojeshwa alikuwa wewe, kwa hiyo msamaha nikauombe kwako. Ndiyo maana nimeandika.

Pumzika, mama. Nisamehe.

Mimi, binti yako uliyemngoja.