Nilikuwa Nachumbiwa, Ombi Langu la Hataza Likapitwa na Tarehe

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka tu, maana hata mimi nacheka huku machozi yananitoka.

Mimi ni fundi cherehani, mjane mwenye wajukuu, na mdogo wangu ninayeshona naye chumba kimoja alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalala, akawa anakaa mlangoni akiitazama cherehani yake kama mtu aliyefiwa, basi nikaumiza kichwa mpaka nikabuni kibanio cha kukanyaga kwa mguu, kinashika kitambaa na kukisogeza chini ya sindano, mkono mmoja unatosha, na siku aliposhona gauni zima peke yake tulipiga vigelegele mpaka muuza duka jirani akaja kuuliza kulikoni. Binti yangu akasema, mama, kiombee hataza, ndiyo haki ya kuzuia wengine wasikiige, tukapeleka ombi kwenye ofisi ya serikali inayozitoa, ofisi ikarudisha maswali na tarehe ya mwisho ya kuyajibu.

Hapo akaingia fundi baiskeli aliyenikunjia springi za kibanio, naye alifiwa na mkewe, watu humwita Spoku kwa wembamba wake, akawa anakuja kukaza nati ambazo hazikulegea, mara chai, mara hadithi, mara ananisindikiza sokoni, na mimi ambaye sijawahi kusahau hata kifungo cha mteja nikasahau ofisi kabisa, tarehe ikapita nami nimekaa kwenye benchi lake namshikia gurudumu huku nacheka kama msichana!

Sasa wameniandikia kwamba ombi limehesabiwa kuwa limetelekezwa, neno hilo limenichoma, wanasema naweza kuomba lifufuliwe kabla mwezi haujaisha, nipeleke majibu, ada, na maelezo ya kweli ya kwa nini nilichelewa. Binti yangu ndiye anayechapa, ananiambia, "Mama, tuandike uliugua." Mshauri, sikuugua, sijawahi kuwa mzima hivi! Lakini nikisema kweli nitamtazama vipi mwanangu? Spoku keshanitamkia ndoa, nimemwambia asubiri. Nidanganye, au niaibike?

Mama Kibanio

JIBU

Mama Kibanio, pole, na hongera, na kidole nakunyooshea.

Gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki na mwezi wako ulikuwa ukingoni, kwa hiyo nilikupigia simu. Wasomaji nao wasikie tuliyosema.

Nilikuambia usithubutu kuandika uliugua. Wangekudai cheti cha daktari, ungekitoa wapi? Na uongo ule ungekaa kwenye faili lako, siku mwenye kiwanda akitaka kukunyang'anya kibanio hapo ndipo angeanzia. Ofisi inataka kujua kama ulikusudia kuliacha ombi. Hukukusudia. Sema hivyo, na useme kwamba ulipopata taarifa ulishughulika mara moja.

Ukanong'ona, "Kwani kupendwa nako ni sababu?" Ni sababu dhaifu, mama, lakini ni ya kweli. Kisha nikakugombeza: mtu mzima unaiwekaje tarehe ya serikali kichwani, ilhali vipimo vya kila mteja unavibandika ukutani? Na nikakutaka umwambie binti yako kwa mdomo wako, kabla hajachapa maelezo yako.

Kesho yake ulinipigia, nikasikia vicheko nyuma yako. Ulimwambia mkikunja vitambaa, naye hata hakuacha kukunja. "Mama, nati gani hukazwa kila siku? Tulikuwa tunakungoja useme." Kumbe mdogo wako ndiye aliyekuwa akimwachia Spoku mlango wazi!

Mkaenda ofisini, Spoku naye kavaa shati lililopigwa pasi. Karani akasoma maelezo, akainua macho.

"Wewe ndiye sababu ya kuchelewa?"

"Ndiyo mimi, dada," Spoku akajibu.

Karani akagonga muhuri wa kupokea huku akiuma midomo asicheke. Na juzi umenisomea barua yao kwenye simu: ombi limefufuliwa. Nami nilipiga kigelegele, wenzangu hapa ofisini ni mashahidi.

Sasa usilewe furaha. Kufufuliwa si kupewa hataza, maswali mengine yatakuja. Binti yako azishike tarehe, wewe shika sindano. Kibanio usikiuze kwa yeyote anayekuja na maneno matamu kabla hujapata ushauri wa mwanasheria. Na Spoku umjibu leo hii, mtu mzima hawekwi kwenye foleni. Ila siku ya ndoa iwe baada ya kuyajibu maswali yajayo ya ofisi, maana sasa nakujua.